Oili Chafu Ndani ya Piano

Shilingi mia mbili na kumi, na mbuzi jike mmoja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili mbuzi ndiye anayeniuma, maana alikuwa na mimba. Kwa hesabu ya haki ni mbuzi wawili.

Hiyo ndiyo bei ya piano niliyoinunua Korogwe, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa na vyombo vya meneja vikauzwa. Muuzaji alianzia mia tatu. Nikamwambia kitu chenye meno mengi hivi lazima kina njaa, nani atakilisha? Akashuka.

Mimi sikuitaka. Nilikuwa na meza yangu ya maharage pale sokoni Manundu, ilinitosha. Aliyeitaka ni binti yangu. Alikuwa akifundishwa na mwalimu wa sekondari, mwanamke wa Marekani, mweusi kama sisi, na mwalimu huyo alimnakilia vipande sita vya piano kwenye daftari. Si vya anayeanza, si vya bingwa, vya katikati.

"Vyote vimetungwa na wanawake weusi, mama."

Nilimtazama kama ninavyomtazama mtu anayesifia maharage yake mwenyewe. Ndipo akanipigia cha tatu. Mkono wa kushoto ulikwenda kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu akipandisha mchi, yule akishusha. Wa kulia ulijisemea juu yao, kama mama anayenung'unika jikoni.

"Huyo aliyetunga ni Mzigua kama sisi?" nikauliza.

Alicheka, akanipigia tena.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kupita Chanika, piano ilipanda lori pamoja na mabati, kuku na mama mkwe wangu. Balozi wa nyumba kumi aliizunguka.

"Ndugu, hii ni mali ya kijiji au ya mtu binafsi?"

"Ikihitaji kubebwa, ni ya kijiji."

Kisha ikaja barua. Mwalimu anarudi kwao, ila Jumapili atapita. Binti akikipiga vizuri kile cha tatu, atampeleka mwenyewe chuo cha ualimu, wamsikilize wakuu wa muziki kabla hajaondoka.

Ijumaa niliona udongo wa mchwa kwenye mguu wa piano. Kwetu mti wowote unaoingia nyumbani hupakwa oili chafu ya gari: nguzo, kitanda, kabati. Dereva wa lori alinipa kopo zima. Na kwa kuwa mimi hufanya kila jambo mara mbili, nilipaka mara mbili, nje na ndani, mpaka kwenye vile vinyundo vidogo vilivyovikwa manyoya. Nilihesabu themanini na saba. Nikarudia: themanini na nane. Hakikubaki kikavu hata kimoja.

Binti alirudi kutoka shamba la kijiji, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mtu anayepiga gunia bichi.

"Mama, umepaka na ndani?"

"Mchwa huanzia ndani."

Akaenda kunawa miguu.

Jumapili mwalimu alikuja, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akakaa. Binti alipiga kipande chote kile cha tatu, kikiwa bubu, ubao unagonga tu. Mwalimu alikuwa akiangalia vidole.

"Mkono wa kushoto umetulia," alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini piano ya chuo iko kwa fundi Dar es Salaam, mama. Nilitaka waje kumsikia hapa, kesho."

"Hawawezi kuangalia vidole tu, kama wewe?"

"Hawawezi, mama."

"Wiki ijayo je?"

"Wiki ijayo sipo."

Nimeishi kwa kushusha bei. Hapo nilichukua kitambaa, nikafuta vile vinyundo mara mbili.

Piano bado ipo. Mchwa hawajaigusa, hilo niliseme. Kuitoa oili nimejaribu majivu, unga wa mahindi, jua, hata petroli. Binti hajanilaumu siku hata moja; daftari huliegemeza kwenye chupa ya chai, akapiga cha tatu ukingoni mwa meza, nami nakata vitunguu nikijua kafika wapi.

Wewe unayesoma, kama unajua kinachotoa oili kwenye manyoya bila kuyang'oa, niambie. Bei tutaongea baadaye.