Siku Vichanja Vilipong'olewa Kumawe

Ijumaa, tarehe 12 Julai 2024, Viviane Kalunga, mkaushaji wa samaki mwenye umri wa miaka arobaini na sita, aliwaongoza wanawake wenzake kung'oa vichanja vyote vya ufuko wa Kumawe, mjini Kalemie, kisha wakaufagia mchanga mpaka ukabaki mtupu. Ziwa lilikuwa limefungwa. Serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaana, mitumbwi ilikuwa imelazwa kifudifudi, na hapakuwa na ndagala, yaani dagaa, hata mmoja wa kuanika. Mikono ilikuwepo, basi, na kazi ikaisha kabla ya jua kukaza.

Walifanya hivyo kwa sababu ya wageni. Papa Wilfried, afisa wa biashara wa jimbo, kijana mpole asiyevua tai hata kwenye joto la adhuhuri, alikuwa amekuja kuwaambia kwamba balozi wa nchi moja tajiri ya ng'ambo angefika Jumamosi pamoja na wataalamu. Walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga gati jipya na ghala la barafu, samaki wa Kalemie wapate kuuzwa mbali. Jimbo lilikuwa limewabembeleza watu hao kwa miaka. Wilfried hakumwomba mtu kung'oa chochote. Alisema tu, "Mama Prezidenti, tuwape sura nzuri."

Prezidenti ni Viviane. Wenzake walimchagua kuongoza chama chao kwa kuwa anasoma Kifaransa bila kukwama, na kwa kuwa, tofauti na wengi wao, haogopi kuingia ofisi ya mtu.

Lakini kichanja cha Kumawe si meza tu ya kuanikia. Ni nguzo nne zilizochimbiwa mchangani, juu yake wavu wa zamani, na nguzo hizo ndizo zinazosema mahali ni pa nani. Hakuna mwenye karatasi. Mtu akifa au akihama, ndugu zake huja kuzing'oa mbele ya majirani, na hapo watu wote hujua nafasi iko wazi. Ziwa likifungwa, wavu huenda nyumbani, nguzo hubaki.

Mwanamke wa kwanza kukataa siku ile alikuwa Mama Cécile, wifi yake Viviane.

"Mama Chris, nguzo zangu usiziguse," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wa kwanza wa Viviane kama alivyozoea.

"Yaya," alijibu Viviane, kama mtu amwitavyo dada mkubwa, "ni kwa wageni tu. Wakishaenda tunazirudisha."

"Kwani nimekufa?"

"Haujakufa. Unapokea watu. Mugeni akiingia kwako, hautoi masufuria mulangoni?"

"Masufuria ninatoa. Kitanda changu sitoi."

"Yaya Cécile anataka balozi amukute kitandani," alisema Laurette, jirani yao, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ufagio.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Cécile mwenyewe alicheka, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kutikisa nguzo ya kwanza. Ilikuwa imekaa pale tangu enzi za mama yake. Viviane alimsaidia kuivuta.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo ni lazima kujua Viviane alifikaje pale. Alizaliwa Baraka, kaskazini mwa ziwa, akaja Kalemie akiwa bibi arusi wa mvuvi aliyeitwa Guelord. Hakuwa na mtu mjini na hakuwa na mahali pa kuanika. Asubuhi moja Cécile, dada mkubwa wa Guelord, alimpeleka Kumawe, akasogeza nguzo zake upande, akamwambia, "Chimba hapa." Alikuwa amegawa nusu ya nafasi aliyorithi. Guelord alipougua na kufa, jamaa fulani walishauri mjane arudi kwao Baraka. Cécile aliwajibu kwamba kwao ni pale, vichanja viwili vinavyogusana, na tangu hapo hakuna aliyerudia neno hilo. Wanawake hao wawili walizeeka bega kwa bega, wakigeuza samaki, wakisengenya, wakifukuza kunguru wa kila mmoja kwa zamu.

Balozi alifika Jumamosi. Wanawake walijipanga kando ya barabara wakiwa na vitenge vya aina moja, wakaimba, wakampa kikapu cha samaki aina ya mikebuka waliokaushwa ambao walikuwa wamewaweka tangu kabla ya ziwa kufungwa. Wataalamu walirusha kidege chao cha kupiga picha juu ya ufuko. Balozi aliutazama mchanga, akamwambia Viviane kupitia mkalimani kwamba ni mahali pazuri, pasafi sana. Neno hilo Viviane alitembea nalo mjini wiki nzima, akilirudia hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Nguzo zilirudishwa, kila mtu kwenye mashimo yake. Agosti ziwa likafunguliwa, ndagala wakajaa, na Kumawe ikawa inanuka kama kawaida.

Oktoba, mkataba ulitiwa sahihi katika ukumbi wa jimbo. Hotuba zilizungumzia urafiki wa nchi mbili. Viviane alialikwa, akakaa nyuma. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa wenye picha ya ufuko kutoka angani, na juu yake mistari myekundu ya gati, ghala na uzio. Aliposogea karibu aliitambua Kumawe. Hapakuwa na kitu juu ya mchanga ila michirizi ya mafagio yao, imelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Chini yake palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa: eneo wazi.

Alimsubiri Wilfried mlangoni.

"Papa Wilfried, sisi tuko wapi kwenye ile picha?"

Wilfried alitazama viatu vyake kwanza. Alieleza kwamba mkataba ulikuwa na tarehe ya mwisho ya kuandika watu watakaohamishwa. Mwenye baa aliandikwa, wenye maghala waliandikwa, hata wafyatua matofali wa nyuma. Hao wote watapewa mahali pengine. Tarehe yenyewe ilikuwa Jumamosi ile ya balozi.

"Sisi tulikuwepo. Tuliimba."

"Muliimba barabarani, Mama. Ufukoni hapakuwa hata mti mumoja."

"Tuling'oa kwa heshima yenu."

"Mimi sikusema mung'oe."

"Hapana. Haukusema."

"Wanaosimamisha kitu baada ya tarehe wanahesabiwa kuwa wamekuja kutafuta nafasi. Ndiyo sheria ya mukataba."

"Yaya Cécile amezaliwa pale. Naye amekuja kutafuta nafasi?"

Wilfried aliahidi kuuliza. Lazima isemwe kwamba alijaribu. Aliwaandikia wakubwa wake, akaenda mwenyewe Kinshasa, akarudi na jibu ambalo alimpa Viviane wakiwa wamesimama, kwa kuwa Viviane hakutaka kukaa. Kubadili mstari mmoja ni kuwarudisha wageni mezani, na wakirudi mezani wanaweza kuinuka na kwenda kujenga kwenye bandari nyingine ya ziwa. Jimbo halitaki kuthubutu. Gati litaleta kazi, alisema, na Viviane aliona kwamba anaamini.

Kuwaambia wenzake kulimchukua siku kadhaa. Alianza na wale aliojua watapiga kelele, na walipiga. Laurette alimwita mchawi, kisha akalia, kisha akamwomba samahani. Wengine waliuliza kama hawawezi kuandamana, wakaandamana, wakapokewa vizuri na kupewa maji ya kunywa.

Viviane alimwacha Cécile mwisho. Alimkuta Kumawe, anageuza ndagala kwa kiganja. Alimweleza yote bila kujitetea. Cécile aliendelea kugeuza mpaka akafika ukingo wa wavu.

"Kumbe ile siku walikuwa wanatafuta mwenye kufa," alisema.

"Yaya, sikujua."

"Ninajua haukujua. Ungejua ningekuchukia, na ingekuwa rahisi."

"Unikasirikie basi."

"Nguvu iko wapi?" Alijipangusa mikono. "Mama alinipa mahali hapa akiwa anakohoa damu. Mimi nimewapa wageni kwa kucheka."

Januari, Cécile alihamia Kabimba kwa mwanawe Anatole, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Siku ya safari Viviane alikwenda kwake mapema, akanyoosha mkono kuchukua furushi.

"Acha, Viviane," Cécile alisema. "Anatole atabeba."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwita kwa jina lake. Viviane aliwafuata mpaka penye boti, nyuma kidogo, kama mtu wa njia moja tu. Kabla ya kupanda, Cécile alikuwa amepitia Kumawe, akazing'oa nguzo zake nne mwenyewe, mbele ya majirani, inavyotakiwa. Hakuziacha. Zilipakiwa pamoja na godoro.

Kichanja cha Viviane sasa kinasimama peke yake pale ambapo viwili viligusana. Bado anaanika, kwa sababu ndagala hawangoji, lakini upande wa kushoto hageuki. Simu zake kwenda Kabimba hupokewa na Anatole, ambaye husema mama amelala, au yuko kanisani, au ametoka sasa hivi tu.

Uzio wa mabati utaanza kusimamishwa Jumatatu ijayo. Wanawake wa Kumawe watatoa vichanja vyao Jumamosi, na Jumapili, baada ya misa, Viviane atapanda boti kwenda Kabimba. Hajaalikwa.