Babu Aliyelinda Kitanda

Ipo siku moja ya baridi hapa Richfield, pembezoni mwa Minneapolis huku Marekani, ambayo mpaka leo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku aliyonitia adabu shangazi yangu nikiwa mtu mzima na digrii yangu mkononi. Nasikia unataka kutafuta habari za babu yako aliyekuwa jeshini. Umefanya vizuri sana. Lakini kabla hujaenda mbali, vuta kiti unisikilize.

Babu yangu mzaa baba, Athumani, alichukuliwa na Waingereza kwenda jeshini wakati wa vita kuu ya pili. Alirudi kwetu Pangani mzima wa viungo. Kila alipoulizwa alifanya nini huko vitani, alijibu maneno yale yale: "Nililinda kitanda cha Wazungu. Hakilaliwi, kinageuka, kinatazama bahari." Basi, haongezi neno. Wenzake walirudi na habari za mapigano ya Burma, yeye karudi na kitanda, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mji mzima ukaamua kwamba alikuwa boi wa ofisa, kazi yake kutandika, na kwamba akili zilimruka kidogo. Baba yangu alisoma shule akiitwa Mtoto wa Kitanda. Watoto hawana huruma, unawajua.

Aibu ile ilimkaa baba moyoni. Alikua akawa mwalimu, mkali, mtu wa maneno machache, na jina la baba yake halitamki. Mtu akimuuliza yeye ni Saidi wa nani, anageuza mazungumzo. Mimi babu nilimpenda mno, maana ndiye aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo, na jambo lile liliniuma. Nilitaka kitu kimoja tu: nimsikie baba akilitaja jina la baba yake kabla naye hajaondoka duniani.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimemaliza chuo hapa Minneapolis, naishi na Shangazi Zuhura, mdogo wake baba, kwenye apatimenti ambayo ndege zikipita juu yake vikombe vinalia kabatini. Baba alikuwa njiani kuja kututembelea. Bahati nzuri maktaba ya mtaa ilitangaza kwamba wazee waliopigana vita ile wangekaa Jumamosi na yeyote mwenye maswali juu ya ndugu zake. Nikaandaa maelezo kwa Kiingereza kilichonyooka, nikamsomea shangazi. Nilisema babu alihudumu katika hospitali ya jeshi, akilinda wodi. Unaona? Kitanda nimeshakifanya wodi. Habari ya kugeuka na kutazama bahari nilikuwa nimeiondoa kabisa.

Shangazi alikuwa ametoka shifti yake ya hotelini, mji jirani wa Bloomington, miguu kaitia kwenye beseni la maji ya moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

"Si babu, shangazi?"

"Babu yupi? Kwangu mimi ni baba mzazi, na huyo simjui. Baba alisema kitanda, hakusema hospitali. Rehema, wewe babu yako unamsikiliza kwa Kiingereza. Msikilize kwanza kwa Kiswahili, halafu ndiyo uwatafsirie hao."

"Kitanda kinachogeuka? Watasema alikuwa mwehu."

"Waseme. Na nikuambie na jingine. Mimi kutwa natandika vitanda vya watu, na ndivyo vilivyokusomesha. Hata kama baba alitandika, aibu iko wapi? Wewe na kaka yangu mnamtafutia marehemu kazi mpya, yeye mwenyewe hamumtafuti."

Nilikasirika, sikufichi. Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Lakini hasira zilipotulia niliona hana kosa, na Jumamosi nikaenda maktaba na maneno ya babu yakiwa mazima. Baba alikuwa amefika juzi yake. Nilimchukua, akaja shingo upande, akilalamikia theluji njia nzima.

Mzee tuliyeketishwa naye alikuwa Mmarekani mrefu aliyepigana kwenye visiwa vya Pasifiki. Nikamweleza neno kwa neno: babu yangu alilinda kitanda, hakilaliwi, kinageuka, kinatazama bahari. Baba akanibana mkono chini ya meza ninyamaze. Nilisema mpaka nikamaliza.

Yule mzee hakucheka. Aliweka kahawa yake chini akauliza, "Cha chuma? Kimesimama wima, kikubwa kama ukuta wa nyumba?"

Nilimtazama baba. Akajibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Mimi peke yangu aliniambia ni cha chuma. Kilikuwa kilimani."

"Basi hiyo ni rada," mzee akasema. "Hata sisi tuliiita springi za kitanda, maana ndivyo ilivyoonekana. Ilituonyesha ndege na meli za adui kabla jicho halijaziona. Ilikuwa siri kubwa. Walinzi wengi hawakuambiwa ni kitu gani, na sisi tulioiendesha tulikatazwa kuitaja hata kwa wake zetu."

Baadaye nilitafuta zaidi, nikajua kwamba Waingereza waliiweka mitambo ya aina hiyo kwenye pwani yetu pia. Babu hakuwa na jina la kukiita kitu kile. Aliona chuma chenye umbo la kitanda, akaamriwa akilinde asiulize, na maisha yake yote alisema alichokiona bila kutia chumvi. Mtu mkweli namna ile, sisi tulimwona punguani.

Mzee akachukua kalamu. "Aliitwa nani?"

Nilifungua mdomo nijibu, baba akaniwahi. "Athumani," alisema. "Ni baba yangu. Anaitwa Athumani." Akarudia tena, polepole, kama anavyomfundisha mwanafunzi. Kisha akalia, Mwalimu Saidi, mbele za watu, na mimi nikalia naye kwa furaha.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukienda kwa mzee wako, usimnyooshee maneno. Najua nyinyi mnaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza; jibuni mtakavyo, lakini sikilizeni kwa lugha aliyosemea. Neno linalokutia haya, hilo ndilo ulishike sana, ulifikishe lilivyo. Maktaba zipo, kompyuta zipo, zitumie bila woga, utapata. Na umpende kabla hujajua alikuwa nani. Ukikuta alikuwa shujaa, mshukuru Mungu. Ukikuta alitandika vitanda, mshukuru vile vile, kwa kuwa ni wako.

Nenda, Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha. Akupe subira ya kusikiliza na ulimi wa kusema kweli. Na siku utakapozeeka, ukawaeleza wajukuu zako ulichokiona duniani, akujalie watu watakaokuamini.