Bunduki Aliyonyimwa Mume Wangu

Mume wangu ni askari polisi, na mimi ndiye niliyesababisha anyimwe bunduki. Jambo hili nalisema mwenyewe kwa sababu pale kota za polisi Handeni limeshasemwa kwa namna nyingi, na mimi sipendi kusemewa.

Yeye ni Mzigua wa Sindeni, mtoto wa wakulima. Siku ile alipelekwa na wenzake upande wa Misima, ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi, wakulima wamekusanyika na mapanga, wafugaji na fimbo zao. Kijana mmoja wa wakulima akamwinulia panga mzee wa kifugaji. Mume wangu akamwelekezea bunduki, akamwamuru alishushe lile panga. Kijana akashusha. Mtu aliyeshusha silaha hapigwi risasi, ndivyo sheria inavyotaka, na mume wangu naye akateremsha mtutu. Kufumba na kufumbua kijana akainua tena, na mzee akaangukia kwenye mahindi yaliyokanyagwa. Hakuamka.

Kijana alikamatwa. Wakubwa walikuja kuchunguza, wakaona askari wao hakukosea popote. Akasifiwa kwenye gwaride, wenzake wakampigia makofi. Nilipohadithiwa nilitamani niwazabe wote makofi ya mashavuni. Maana mtaani wafugaji walikuwa wakisema amemwachia Mzigua mwenzake aue, na kule Sindeni wajomba zake walimchinjia kuku, wakimpongeza kwa jambo hilo hilo. Yule kuku hakumgusa. Tulirudi Handeni siku hiyo hiyo.

Tangu hapo akawa mtu wa kukaa uani akisugua viatu vilivyokwisha kung'aa. Chai ilimpoa mbele yake. Mtoto akiangusha sahani, yeye anaruka, halafu anatoka nje kwa aibu. Wake wa askari wenzake waliniambia kazi ile ndivyo inavyowafanya wanaume, nipike vizuri na nisimghasi. Mmoja alinitajia na mganga wa kumtoa mkosi.

Mimi nimezaliwa Lutindi, milimani Korogwe, jirani na misheni ya zamani ambako wagonjwa wa akili hutunzwa. Nimekua nikiwasalimia njiani wakitoka shambani na majembe yao. Pale kota ilikuwa utani wa kila siku: nikizidisha chumvi wanasema nirudishwe kwetu nikatibiwe, nami nawajibu kwamba vitanda vimejaa watu wa Handeni. Tulikuwa tukicheka sana. Lakini ukimya wa mume wangu niliutambua, nilishauona kwa wengine nikiwa mdogo, na niliogopa.

Mchana mmoja alipokuwa akila kabla ya kwenda lindo la benki, nilimwambia aombe likizo.

"Lindo linanifaa," alinijibu taratibu. "Unakaa peke yako na bunduki yako. Ukichoka, umechoka."

Akaendelea kunieleza kwamba shamba lake la Sindeni likija kugawanywa nisimwachie mdogo wake anidhulumu. Alisema hivyo huku akinawa mikono.

Kota zina mwiko wake: ya nyumbani hayapelekwi ofisini. Mke anayekwenda kwa mkuu wa kituo ameshamharibia mumewe jina, na askari anayelinda kwa mikono mitupu wenzake humwona nusu mtu. Nilikwenda hivyo hivyo, kanga yangu begani. Mkuu wakati ule alikuwa mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikamweleza yote, na hakuniuliza ushahidi. Alisema kanuni hazimruhusu kumpa silaha mtu ambaye akili haijatulia, na hata zingemruhusu asingempa. Siku hiyo hiyo akamhamishia kaunta, kuandika malalamiko ya watu, na akampa ruhusa ya kwenda kutibiwa.

Hakunitaja, lakini kota zina masikio. Kufika jioni wote walikuwa wanajua. Mume wangu hakunigombeza. Tulipanda naye Lutindi mara kadhaa, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na kila tuliporudi alilala vizuri kidogo. Nilianza kupata matumaini.

Kisha yule mama akahamishwa. Mkuu aliyemfuata alikuta askari ni wachache, na huyu wangu faili lake halina doa, akataka arudi lindoni. Bahati nzuri, au mbaya, hakuwa mtu wa pupa. Alimwita, akaniita na mimi.

Asubuhi ile mume wangu alipiga pasi sare yake mwenyewe. Alikuwa mchangamfu, akawatania watoto, akamwambia yule mtoto mdogo awe anamsikiliza mama yake. Uchangamfu ule ndio ulionitisha.

"Mama, mwenzio anasema amepona," mkuu akaniambia. "Wewe unaishi naye. Unasemaje?"

Mume wangu akanitazama. Katika ndoa yetu hajawahi kuniomba kitu, hata maji hujichotea mwenyewe, na pale alikuwa akiniomba kwa macho. Nilimpenda siku ile kuliko siku niliyoolewa. Nikaona vidole vyake vimebana mshono wa suruali ili visitetemeke.

"Hajapona, afande," nikasema.

Mkuu akashusha pumzi, akasema basi abaki kaunta mpaka daktari atakaposema vinginevyo. Mume wangu akapiga saluti, akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye korido, nikamshika mkono. Aliutoa polepole, bila hasira.

"Nilikuwa nimebaki na wewe tu," akaniambia.

Akaingia kaunta, akamkaribisha mama mmoja aliyekuwa akisubiri kuandikisha simu iliyopotea. Mimi nikaenda nyumbani kupika. Jioni alirudi mzima, akala bila kuniangalia, nami nikakaa nikimtazama anavyokula mpaka akamaliza.