Kompyuta Inayomsomea Mama

Mpaka leo nikimsikia mtu anamwambia fundi wa kompyuta, "Nipigie window tu, yaishe," damu inanichemka. Nitaeleza kwa nini, na sitaeleza kwa upole.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwanza Sapiwi, kisha hapa Bariadi mjini, na hapa ndipo alipostaafia. Presha ya macho ilianza kumla taratibu akiwa bado kazini. Siku anaagwa shuleni, jicho moja lilikuwa limeshazima na la pili lilikuwa linaona mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu, basi. Mimi nafundisha sekondari Maswa, naishi Nyalikungu, na kila mwisho wa wiki nakuja kumwona. Kaka yangu mkubwa ndiye anayekaa naye, yeye na mke wake. Ana kazi ya ofisini, na haki yake nampa: mama hajawahi kulala njaa wala kukosa dawa.

Lakini alikuwa anamsomea. Kila ujumbe ulioingia kwenye simu ya mama, kaka aliufungua, akausoma kwa sauti, akaamua mwenyewe upi ujibiwe na ujibiweje. Mama akisema "mwambie hivi," yeye alikuwa anaandika vile.

Siku moja mwanzoni mwa mvua walikuja wageni kutoka Lalago, wakwe zake kaka. Tumekaa sebuleni, simu ya mama ikalia. Kaka akaichukua kama yake. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu mmoja mstaafu, mgane aliyefiwa na mkewe, aliyefundisha na mama zamani. "Mwalimu, mvua imenyesha huku Sapiwi. Nimekaa barazani nakumbuka ulivyokuwa ukiwaimbisha watoto wakisubiri ikatike." Kaka akausoma kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi. Wageni wakaangua kicheko. Akausoma tena. "Mama, kumbe una mchumba na hutuambii!" Mama naye alicheka, akavuta kanga akajifunika mabega, na joto lilikuwa la kutoa jasho. Nilitamani ardhi immeze kaka na simu yake.

Wageni walipoondoka mama aliniita chumbani. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Mayu," aliniambia, kama Wasukuma tunavyomwita binti kwa upendo, "mimi nataka kusoma mwenyewe."

Sebuleni kulikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu baba, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilimwambia kaka kwamba kuna programu za kumsomea asiyeona kilicho kwenye kioo. Akasema hilo dogo, akaleta fundi wake kutoka jirani na stendi. Fundi akapiga window ya wizi, yaani akaweka Windows isiyolipiwa, kisha akaweka programu ya kusoma, nayo ya wizi, ile ya majaribio ambayo aliivunja kufuli. Ilikuwa inajua Kiingereza tu. Ujumbe wa Kiswahili iliusoma kwa mdomo wa Kiingereza, "habari za asubuhi" ikatoka kama tusi. Tena kila baada ya muda mfupi ilikuwa inanyamaza yenyewe, mpaka uizime kompyuta na kuiwasha upya.

Kilichonikasirisha si ile programu. Ni mama. Sauti ikikatika katikati ya sentensi alikuwa anabaki vidole juu ya vitufe, anasubiri, kisha anauliza kwa sauti ndogo, "Nimeharibu nini tena?" Mwanamke aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huu alikuwa anaomba radhi mbele ya kitu cha wizi. Fundi aliitwa mara ya pili na ya tatu. Mara ya mwisho alimwambia, "Bibi, kwani kompyuta ya nini? Si upumzike tu?" Mama akamwagizia chai. Mimi nilimwonyesha geti.

Shuleni kwetu kuna mwenzangu anayefundisha kompyuta. Nilimlalamikia mpaka akachoka kunisikiliza, akasema, "Kwa nini usimwekee Linux badala ya hiyo window? Ni ya bure, tena bure ya halali. Unaiweka kwenye flashi, unaijaribu bila kugusa kilichomo, usipoipenda unachomoa." Sikuwa na imani, lakini hasira ilinitosha badala ya imani. Nikajifunza kwamba ziko za aina nyingi, na nikaanza kuzipakua kwa intaneti ya shule, ambayo ilikuwa inakatika kila mkuu wa shule anapopita.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi na nzuri ya kutazama, lakini haikuwa na msomaji, ile programu ya kusoma kwa sauti. Uzuri wa kutazama ulimhusu nini mama yangu? Nikachomoa. Ya pili ilikuwa na msomaji, ila kompyuta ya baba ilielemewa ikawa inajikokota. Nikachomoa, nikatukana. Ya tatu nilipobonyeza vitufe nilivyoelekezwa, spika zikakohoa, na sauti ya mwanamume ikatoka. Ilibana pua, haipandi wala haishuki. Nikaenda kwenye orodha ya lugha nikachagua Kiswahili.

Mama akainua kichwa.

"Huyu ana mafua," alisema. "Lakini ni Kiswahili."

Akanisukuma nimpishe kiti. Akaandika "Mwangaluka", ile salamu yetu ya asubuhi, mashine ikaisoma vibaya sana. Mama akaiitikia, "Mwangaluka, baba," akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema, "Weka hii. Ile nyingine futa yote."

Kaka alirudi akanikuta nafuta.

"Cha bure?" alisema. "Rahisi inavunja upishi. Ofisini kwetu hakuna hata mtu mmoja anayetumia hiyo. Ikiharibika atakuja nani kuitengeneza?"

"Iliyokuwepo ilikuwa inaharibika kila siku. Alikuwa anaitengeneza nani?"

"Usinijibu hivyo. Mimi ni kaka yako."

"Shikamoo, kaka," nikamwambia, nikaendelea kufuta.

Haikuharibika. Tuliihamishia chumbani kwa mama. Mama alijifunza kwa masikio na vidole, akawa anaandikiana na wenzake wa zamani kwa barua pepe, peke yake. Ikapita kama miezi miwili, kaka akanipigia simu nikiwa darasani. Majirani wanasema, alisema, kwamba nyumbani kwetu inasikika sauti ya mwanamume asiyeonekana, na mama anazungumza naye humo chumbani gizani. Gizani, maana mama hana haja ya taa. "Nimemwambia aizime," kaka alisema. "Watu wanatusema."

Huku kwetu bibi mwenye macho mabaya hasemwi hivyo kwa mzaha. Tunajua sote maneno ya namna hiyo yaliwafikisha wapi wazee wengine walioitwa wachawi. Nilimkasirikia aliyeanza kusema, lakini zaidi nilimkasirikia kaka, msomi wa ofisini, ambaye badala ya kumwita jirani aje asikilize, alimwendea mama amnyamazishe. Niliomba ruhusa, nikapanda gari siku hiyo hiyo, njia nzima nikipanga maneno ya kumrarua.

Nilifika nikakuta mama mwenyewe ameshamwita jirani mmoja. Amemkalisha kwenye kiti, amemwandikia jina lake, na mashine inalisoma kwa mafua yake. Jirani alikuwa anacheka, anataka isome na majina ya wajukuu. Maneno yangu yote yakakosa pa kwenda. Hata hivyo nilikuwa nimepitia dukani nikanunua hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio zima, ili asipatikane mtu wa kusema tena. Jirani alipoaga, nilimvalisha mama.

Nyumba ikawa kimya. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alikuwa anaandika upesi, kama alivyokuwa akiandika maandalio ya masomo zamani, mdomo unacheza, mara anatabasamu kwa kitu alichosomewa yeye tu. Nikamgusa bega.

"Unaandika nini, mama?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akabonyeza vitufe viwili, kioo kikajifunga kikawa kinadai nywila, na sikumbuki kuiweka mimi. "Basi niambie nywila," nilisema. "Ikitokea shida niweze kukusaidia."

Mama akasogeza hedifoni kidogo, sikio moja likabaki wazi.

"Kaka yako naye ameniomba asubuhi," alisema. "Na yeye amesema ni kwa ajili ya shida."

Akairudisha hedifoni, akasubiri. Hakugusa kitufe hata kimoja mpaka nilipoufunga mlango. Nilitoka na hasira zangu zote, nikaketi sebuleni karibu na kaka, wote wawili tukiusikiliza ule mlango, na hakuna kati yetu aliyejua mama yetu anaandika nini wala anaandikiwa nini.