Nusu ya Chini ya Pembe

Evelina hana cheti cha mifugo, na atakwambia hivyo mwenyewe bila kuulizwa. Ni mkata majani kwenye shamba la wanyama la Jitesh, nje kidogo ya Usagara, ambako familia za Mwanza huja Jumapili kutazama swala.

Mwaka juzi Jitesh aliamua kuwaondoa madume wote. Pembe zao zilikuwa zinatoka nyembamba, zimepinda, aibu tupu mbele ya wageni. "Damu mbovu," alisema. "Naleta mbegu nyingine." Miongoni mwao alikuwamo Shimba, dume wa miezi kumi ambaye Evelina alimlea kwa chupa, akampa kwa utani jina ambalo kwa Kisukuma ni simba. Dume asiyetakiwa angeishia buchani. Evelina alilia, wala hakuficha.

Asubuhi moja akamkuta Shimba anatafuna mfupa ulioletwa na mbwa. Alishaona hivyo mara nyingi, na kila mara alinyang'anya mfupa akaufagia, maana kwa usafi hana mchezo. Safari hii akasita. Kwao Misungwi, ng'ombe akitafuna mfupa, baba yake hakulaumu damu; alilaumu malisho.

"Bosi, hawa wanakosa kitu kwenye majani," alimwambia Jitesh. "Nipe masika mawili."

"Na wasipobadilika, mama?"

"Nifukuze pamoja nao."

Akawa anaokota mifupa kwa wachoma nyama wa njia panda, anaichoma hadi iwe majivu meupe, anatwanga, anachanganya na chumvi, anawapa swala walambe. Wenzake wakamwita mganga. Wacha waseme.

Leo pembe za Shimba ni nene, huwezi kuzizungushia kiganja. Ila nchani bado ni nyembamba na zimepinda. Pembe ya swala huota kutokea shinani na haidondoki, tofauti na kulungu wa Ulaya anayeanza upya kila mwaka. Kilichoharibika hubaki kule juu maisha yote.

Juzi Jitesh alitaka ncha zikatwe kwa msumeno, Shimba apendeze kwenye bango la kutangaza shamba. Evelina akasimama katikati, fagio mkononi.

"Hazikatwi! Hapo juu ni enzi zile nafagia mifupa. Huku chini ni tangu nilipoacha. Mgeni akiuliza, niite nimweleze."

Bango lipo njia panda sasa: Shimba na ncha zake zilizopinda, na pembeni yake Evelina, kifua mbele.