Fundi redio wa Uyole na salamu zilizoishia Chimala

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Uyole haujainuka bado, na kinachoonekana cha Malimi Seni ni miguu tu. Imechomoza kwenye mlango wa Noah ya kijivu, imevaa soksi mbili mbili ndani ya ndala. Mwili uliobaki uko chini ya dashibodi, umelala chali, tochi imefungwa kichwani.

“Hii waya ya njano ndiyo ya kumbukumbu,” sauti inatoka huko chini. “Nyekundu inafuata ufunguo. Ukizichanganya, kila ukizima gari redio inasahau stesheni zote, mteja anarudi na matusi.”

Malimi, mwenye umri wa miaka 38, ni fundi wa kufunga redio kwenye magari. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja na redio zinazokamata stesheni chache tu za hapa nchini, tena maelezo yake yote ni ya Kijapani. Wenye magari hununua nyingine dukani, kisha humletea Malimi aing'oe ya zamani na kuunganisha hii mpya, waya kwa waya. Hutoza kati ya shilingi 20,000 na 30,000. Siku nzuri hupata magari mawili. Siku nyingine hushinda yeye na baridi.

Kibanda chake cha mabati kiko kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Mbele ni kazini, nyuma ya pazia ni kitanda. Hana mke wala mtoto. Mtu wake wa karibu ni jirani anayeuza chai na viazi, Tumpe Mwambene, ambaye hamwachi bila kumtania.

“Huyu Msukuma, magari yote hapa Uyole yanaimba kwa mkono wake,” anasema Tumpe akimmiminia chai. “Ila yeye mwenyewe ukimsikia anaongea, ujue anaongea na waya.”

Malimi anacheka kidogo, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Ukikaa naye nusu siku unagundua kuwa Tumpe hakutia chumvi.

Akimaliza kazi, hamwachii mteja gari lake papo hapo. Humwambia aingie, wafunge milango na vioo, wasikilize pamoja wimbo mmoja mpaka mwisho. Anasema mlango ukiwa wazi spika hudanganya. Ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba wimbo ukiisha hutafuta sababu ya kusikiliza wa pili, na mteja asipoondoka, wa tatu.

Alizaliwa Ubaruku, kwa wazazi waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alichunga akiwa na redio ya baba yake, mzee Seni, imening'inia shingoni. “Ng'ombe wetu walizoea taarifa ya habari,” anasema. “Ikianza, wenyewe wanaanza kurudi.”

Redio ile ndiyo iliyomtia wazimu wa waya. Akataka kusomea ufundi Mbeya mjini, baba akakataa. Miaka kumi na moja iliyopita, Malimi alimuuza kwa siri maksai mmoja wa baba yake na kulipa ada.

“Ningeuza hata dume la kawaida,” anasema, na hapa hatazami mtu. “Nikauza maksai wa kulimia, tena msimu wa kulima. Mpunga wa mwaka ule mzee alichelewa kupanda. Akaniambia nisikanyage kwake.”

Mama alikuwa ameshafariki. Ndugu zake wamehamia kusini na mifugo. Mzee Seni ana simu, lakini alikuwa hapokei namba ya Malimi, mpaka Malimi akaacha kupiga.

Kwa nini asipande gari akaenda?

“Kwa baba yangu, mtu aliyekosea haingii uani hivi hivi. Anatanguliza salamu. Mzee akiitikia, unakuja. Akinyamaza, ujue bado.”

Kumtuma mtu aliona haya, maana mtu huyo angejua kwamba wamegombana. Ndipo miaka miwili iliyopita akapata wazo ambalo fundi redio pekee angeweza kulipata. Redio moja ya mjini ina kipindi cha salamu kila Ijumaa. Baba haachi redio. Basi kila Ijumaa Malimi hutuma ujumbe, na mtangazaji huusoma kwa mbwembwe: Malimi fundi wa Uyole anamsalimia baba yake mzee Seni wa Ubaruku, anasema shikamoo baba.

Salamu ikisomwa, huacha kazi. Kisha hukaa karibu na simu Jumamosi nzima. Haijawahi kuita kutoka Ubaruku.

“Nikasema bado ana hasira. Ana haki yake.”

Tukiwa katika maneno hayo, pikapu inapiga honi nje. Dereva ni Dastan Sanga, anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku. Alifungiwa redio hapa wiki iliyopita, na leo amenuna.

“Fundi, redio yako inakoroma. Hapa safi, nikishuka bondeni nasikia sshhh.”

Malimi anakagua waya wa antena, anakagua kila kiungo. Hakuna kasoro. Hapendi kazi yake isemwe vibaya, kwa hiyo anafunga kibanda na kuingia kwenye gari wakapime barabarani. Mwandishi anabanana nao.

Tunapita Inyala, stesheni ya mjini inaongea vizuri. Tunateremka. Tukifika Igurusi, inaanza kukwaruza. Karibu na Chimala, mtangazaji amepotea kabisa. Malimi anabonyeza vitufe vya stesheni, mbele na nyuma. Stesheni nyingine zinashika vizuri. Ile moja haipo.

“Redio ni nzima,” anasema taratibu. “Stesheni ndiyo imeishia.”

Kila fundi anajua kwamba stesheni ina mwisho wake. Malimi pia anajua. Lakini miaka yote hii hajashuka tena bondeni, na redio zote alizipima Uyole.

“Ubaruku hii mnaipata?” anauliza.

“Ya mjini? Hatujawahi kuipata, kaka, nilidhani redio mpya itaivuta. Kule tunasikiliza ya taifa.”

“Mzee Seni unamjua?”

“Yule mrefu wa kofia ya sufi? Analeta mpunga kwetu. Redio haitoki kwapani.”

Malimi anamwomba asimamishe gari. Anashuka, anasimama kwenye majani ya kando ya barabara.

“Nilijua amekataa kuitikia,” anasema. “Kumbe hajasalimiwa. Miaka yote hii na yeye kakaa anasema mwanangu kanyamaza.”

Ubaruku si mbali kutoka hapo, gari linaelekea huko huko, na kiti chake kiko wazi. Mwandishi alimwambia aende. Inauma kumwona mtu amefika nusu ya njia ya kwao akashindwa kuimalizia. Malimi alitikisa kichwa.

“Niingieje bila kutanguliza?”

Dastan alizima injini. “Basi nipe mimi hiyo salamu. Jumatano napandisha mchele Uyole, nakuletea jibu.”

Malimi aliisema. Dastan akairudia, akaambiwa airudie tena polepole, na akifika avue kofia kwanza. Kisha pikapu ikaondoka, na Malimi akavuka barabara kutafuta gari la kurudi juu.

Kwa sasa anasubiri Jumatano. Anasema akipata jibu atafunga kibanda, ashuke kumsaidia mzee kuvuna mpunga, halafu atafute maksai wa kupeleka nyumbani.

“Ng'ombe nitamrudishia,” anasema. “Ila kwanza aseme marahaba. Hata akiisema kwa hasira, mimi nitakwenda.”