Bata wa mota niliowapeleka Nzilo, na shemeji niliyemwita mwongo

Saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili alfajiri, siku ya Jumamosi, bata wangu wa kwanza alitakiwa kugeuka na kurudi. Hakurudi.

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Kolwezi, Kongo. Nimesoma jukwaa hili miaka mingi bila kuandika neno. Leo naandika, na sitatia chumvi. Sehemu inayoniaibisha nitaiacha kama ilivyokuwa.

Uzi unahusu bata bandia wanaojiendesha wenyewe majini, na jinsi nilivyomwita mtu mwaminifu mwongo mbele ya watu.

Nina miaka hamsini na mmoja. Kazi yangu ni kusuka upya mota za umeme zilizoungua. Karakana yangu iko Musonoi, kando ya mashimo ya machimbo. Sikusomea chuo. Nilijifunza kwa kufungua mota mbovu, kuchora nilichokiona na kuandika kila kitu kwenye daftari. Tabia hiyo ya daftari ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mimi si mtu wa kukosea ovyo.

Shemeji yangu anaitwa Kasongo. Amemuoa mdogo wangu Odile. Wakati huo waliishi Nzilo, kando ya ziwa la bwawa la umeme. Alikuwa anachonga mitumbwi, lakini chakula chake hasa kilitokana na nyavu.

Nieleze hapo kidogo, kwa sababu ndipo palipoumia.

Wavuvi tisa wa pale hawana mahali pa kufungia vitu. Kila walipotoka majini walimwachia Kasongo nyavu zao, naye akazianika, akashona zilizochanika na kuzilinda. Hakukuwa na karatasi. Hakuna aliyehesabu. Kila mmoja alimtolea fungu la samaki, basi. Kazi yote hiyo ilisimama juu ya kitu kimoja: neno la Kasongo lilikuwa neno.

Sasa bata.

Kuna mzee mmoja mjini, mwenye hoteli, tunamwita Patron Kalala. Ana kibali cha kuwinda na anapenda bata kuliko biashara yake. Alikuwa akitumia bata wa mbao waliofungwa kamba, ili bata wa mwitu wakiwaona wadhani pana wenzao na washuke.

Bata wa mwitu si wajinga. Wanazunguka juu mara mbili, wanaona kundi limeganda kama viatu vya mtumba, wanaenda zao.

Nilimwambia Patron naweza kumtengenezea bata wanaoogelea bila kamba na bila mtu wa kuwaongoza. Akasema nikimletea sita wakafanya kazi, ataagiza ishirini kwa ajili yake na marafiki zake. Kasongo angechonga miili, mimi ningeweka mota. Tungegawana sawasawa.

Namna walivyofanya kazi ni hivi. Tumboni kuna mota ndogo inayozungusha pangaboi, usukani mdogo nyuma, betri, na kibao cha saketi chenye dira. Bata anakwenda upande mmoja kwa sekunde arobaini, dira inamwambia ageuke, anarudi kwa sekunde arobaini. Kwa hiyo anacheza palepale, kama bata anayetafuta chakula. Dira ndiyo akili yake. Ukiidanganya dira, umemdanganya bata.

Chini ya tumbo lazima kuwe na uzito, la sivyo upepo unampindua. Kwingine watu hutumia risasi, ile metali laini nzito. Huku kwetu uzito wa kila kitu ni bulé, yaani ile mipira ya chuma ya mashine za kusagia mawe ya madini. Ikichakaa inatupwa, nasi tunaiokota. Utaikuta kwenye nyavu, utaikuta inazuia mlango, utaikuta juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage. Sikufikiri mara mbili. Kila bata, bulé moja.

Nilijua kwamba chuma huvuruga dira. Kwa hiyo niliziweka bulé kwanza, nikaziba kwa gundi, kisha nikarekebisha dira zikiwa ndani. Siku tatu niliwajaribu kwenye dimbwi. Wote sita walirudi walipoanzia, tofauti haikuzidi hatua mbili. Nikaandika: tayari.

Ijumaa nilipata lifti kwenye pickup ya kanisa iliyokuwa inapeleka vyombo vya muziki Nzilo. Barabara ile mnaweza kuikisia. Niliibana katoni ya bata vizuri isirukeruke, tukafika salama.

Niliwaacha bata nyumbani kwa Kasongo, mimi nikaenda kulala kambini kwa Patron, ng'ambo ya pili ya ghuba. Kabla sijaondoka Kasongo alimnyanyua bata mmoja akampima kwa mkono.

"Shemeki, uyu iko mwepesi. Niongeze bulé moja?"

"Usiguse kitu," nilimwambia. "Hata kimoja."

Akacheka. "Sawa, ingénieur. Nitabalalisha kama batoto." Yaani atawalaza kama watoto; huku kwetu wa- husemwa ba-.

Asubuhi walikuwepo watu kumi na watatu: Patron Kalala na marafiki zake wawili wenye bunduki, wavuvi tisa waliokuja kushangaa, na Odile. Tulijificha kwenye matete. Kasongo aliwashusha bata majini mmoja mmoja, nikawasha.

Dakika moja nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani Lualaba.

Kisha yule wa kwanza alikwenda, akageuka nusu tu, akaendelea mbele kwa kupinda. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, wa nne. Kwenda kulikuwa kunapinda kuelekea ziwani, na kurudi nako kunapinda kuelekea ziwani. Wanne walitoka kwenye ghuba kwa zigizaga kama walevi wanaorudi nyumbani. Wawili tu walibaki wakicheza palepale kama nilivyowafundisha.

Na hapo ndipo bata wa mwitu waliposhuka. Walikuwa saba. Hawakushuka kwa wale wawili waliokuwa mbele ya bunduki. Walishuka kwa wale wanne, wakajipanga nyuma yao na kuwafuata hadi maji makubwa, ambako risasi haifiki.

Mvuvi mmoja alishindwa kujizuia. "Ee mama! Bata ya kweli banafwata bata ya uongo!"

Patron Kalala alishusha bunduki. "Tata ingénieur, wewe haukutengeneza bata. Ulitengeneza pasteur. Angalia, anabeba kanisa yote anaenda nayo!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye matope. Hata Odile alificha mdomo kwa kitenge.

Wakuu, kuchekwa si kitu. Nimechekwa sana maishani. Lakini miezi minne ya kazi ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, na kichwa changu kilitafuta sababu kwa haraka mno. Kikaipata. Nani alilala na bata? Nani aliuliza habari ya kuongeza bulé? Chuma kikizidi, dira inapotea. Na mbona wawili ni wazima? Nikajijibu bila kusita: alikuwa na bulé nne tu.

Mnaona jinsi hesabu ilivyokubali? Hesabu ya uongo inakubali vizuri sana.

Nilimgeukia. "Kasongo, uliongeza bulé."

"Hapana, shemeki. Nilibafunika na bâche tu, njo nikalala." Bâche ni turubai.

"Nilikukataza."

"Na mi sikugusa."

Ningeweza kumfungua mmoja wa wale wawili na kutazama. Ningeweza kusubiri wale wengine wapatikane. Badala yake nilisema, na nilisema kwa sauti ili Patron asikie kwamba kosa si langu:

"Uko mutu ya uongo, Kasongo. Mi sitatumika tena na mutu ya uongo."

Kicheko kilikatika.

Kwetu shemeji hatukanwi. Ukiwa na neno naye unaliongea ndani, tena kwa kupitia mtu mwingine. Na kaka wa mke akimtaja mtu kuwa mwongo hadharani, wasikilizaji hawamuulizi ushahidi. Wanasema: yule anamjua kutoka nyumbani.

Kasongo aliingia kwenye mtumbwi akapiga kasia kuwafuata bata. Patron na wenzake waliondoka. Mimi nilibaki na wale wawili wazima.

Saa nne Kasongo alirudi. Aliwapanga bata watatu kwenye matope mbele ya miguu yangu, kwa mstari.

"Ya ine sikuiona," alisema. Akaenda nyumbani kwake.

Nilirudi Musonoi na katoni yangu, nikaisukuma chini ya meza na sikutaka kuiona. Wiki tatu nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa uvivu wa kutochunguza. Mimi, ambaye sijawahi kurudisha mota ya mteja bila kuandika kilichoiunguza.

Katika wiki hizo Odile alinipigia simu mara moja tu. Huniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, nyavu zinaisha mu nyumba."

"Zinaisha namna gani?"

"Wanakuja kuzibeba. Wanasema wanaenda kuzishona wenyewe. Hawagombani. Wanabeba tu. Leo imebaki moja."

Nilimwambia watazirudisha. Hawakuzirudisha. Ile ya mwisho ilipochukuliwa, Odile na mumewe walifunga vyombo wakahamia Kasaji, ambako mjomba wa Kasongo ana shamba la mihogo.

Ndipo nilipoivuta katoni. Nataka kuwa sahihi hapa: nilichotafuta ni ushahidi wa kosa lake.

Gundi yangu haikuwa imekatwa, kwa bata hata mmoja. Nilimpasua wa kwanza. Bulé moja. Wa pili, bulé moja. Wote watano, moja moja, zilezile nilizoziweka kwa mkono wangu. Nikapima uzito, nikalinganisha na daftari. Hakuna kilichoongezwa.

Nikachukua sindano ya kushonea nikaisogeza karibu na bulé ya mmoja wa wale watatu waliopotea. Sindano iliruka ikaganda.

Nikajaribu kwa bulé za wale wawili wazima. Sindano ikabaki mezani.

Bulé za waliopotea zilikuwa zimegeuka sumaku baada ya dira kurekebishwa, na hilo liliweza kutokea mahali pamoja tu. Kwenye pickup ya kanisa palikuwa na spika kubwa isiyo na kifuniko cha nyuma. Sumaku yake, pana kama sahani, ilikuwa wazi. Niliiona. Katoni niliibana pale, upande mmoja ukiigusa sumaku, kwa sababu palionekana pazuri. Barabara ikaitikisa njia nzima. Bata wanne walikuwa upande wa spika. Wawili walikuwa upande wa pili.

Ninashika sumaku kila siku ya Mungu. Hakuna fundi wa mota asiyejua kwamba chuma kigumu kikikaa kwenye sumaku na kutikiswa, kinabaki na sumaku. Ningemuuliza mwanafunzi wangu swali hilo na akikosa ningemfukuza.

Nilikwenda Kasaji kwa pikipiki, na bulé na sindano mfukoni.

Kasongo alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alitoa kiti. Odile alileta bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nilieleza yote: spika, sumaku, barabara. Nikaweka bulé juu ya stuli, nikasogeza sindano, ikaruka.

Aliiangalia. Hakushangaa.

"Shemeki, mi nilijua toka siku ile kama sikugusa kitu. Haukukuwa na lazima ya kuniletea sindano."

"Nimekuja kuomba musamaha."

"Nimekusikia. Lakini maneno uliisema mbele ya batu kumi na tatu. Leo tuko batatu mu nyumba." Hakupandisha sauti. "Kama unaweza kubaita bote pale mu matope, tutaenda."

Odile alisema, "Yaya, kula. Bukari inapoa."

Nikala.

Nimejaribu kuwaita, wakuu. Nilianza na Patron Kalala. Akanijibu kwa simu: "Tata, mi nilicheka, nikasahau. Unataka nirudi mu matope juu ya mambo ya bashemeki?" Marafiki zake hawakupokea. Kwa wavuvi nilikwenda mwenyewe, mtu kwa mtu. Wanne wamehama. Watano walinisikiliza wakasema, "Aya, tumesikia." Nyavu zao sasa ziko kwa mtu mwingine, na mtu huyo hana kosa la kunyang'anywa.

Nilichojifunza hakihitaji maneno mengi. Kifaa kikikosea, kifungue kabla ya kufungua mdomo. Na nilimshuku Kasongo kwa sababu yeye hana daftari na mimi ninalo. Hakukuwa na sababu nyingine.

Mtu asiseme kwamba kuandika hapa ndiyo kuomba msamaha hadharani. Kasongo hasomi mtandao, na nyinyi hamkuwepo.

Mafundi, mnaotengeneza vitu vya dira mnatumia uzito gani usio chuma? Risasi huku ni ghali. Na wenye umri wangu mniambie: kwenu, neno lililosemwa mbele ya watu ambao hawakusanyiki tena linafutwaje? Karibuni, hata wa kunisema.

Kwa watakaouliza gharama: mota, saketi, betri, rangi, gundi na safari zote, nimepoteza dola mia nne na kumi na mbili.

Kati ya fedha nilizotenga, zilizookoka ni sitini. Siku ile ya sindano nilimpelekea Kasongo Kasaji kama malipo ya kuchonga bata sita, akazipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nilipofika Kolwezi nikavua koti, lile nililolitundika mlangoni kwake wakati wa kula, nikazikuta zote mfuko wa ndani, zimekunjwa vilevile. Dola sitini.